Pesa Ina Wenyewe

Ilikuwa jioni mjini Arua, Uganda, ule wakati watu wanatoka sokoni na foleni kwa wakala wa pesa za simu inaanza kuziba njia. Shemeji yake shangazi yangu akafika kibandani akihema. Mtoto wake amelazwa, dawa aliyoandikiwa haikupatikana hospitalini, lazima inunuliwe nje, na bei yake inapita laki mbili.

Droo ya shangazi ilikuwa wazi. Noti za elfu hamsini na za elfu ishirini zimefungwa kwa mipira, fungu juu ya fungu. Sote tulikuwa tunaziona.

“Shemeji,” shangazi akasema, “hizi zina wenyewe.”

Akaisukuma droo ikafunga. Akauliza mtoto yuko wodi gani, dawa inaitwaje, duka gani linaiuza. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa noti moja ya elfu hamsini, akampa kwa mikono miwili. “Hii ni yangu. Wala usiirudishe.” Halafu akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri kutoa pesa, akamwomba kitambulisho.

Sikusema neno. Lakini jambo lile halikunitoka moyoni.

Nimerudi Kampala, wiki zimepita, na kila nikipita mbele ya mwamvuli wa wakala naikumbuka ile droo.

Orodha za alfajiri

Wakati huohuo nilikuwa nimeombwa kuzungumza na vijana wa mtaani kwetu kuhusu tabia za watu waliofanikiwa katika biashara ya fedha. Nikaingia kwenye simu kutafuta cha kuwaambia, kama afanyavyo kila mtu siku hizi. Orodha ni zilezile. Amka saa kumi na moja alfajiri. Fanya mazoezi. Andika malengo yako. Soma. Usiogope hatari.

Sina ugomvi na hata moja kati ya hayo. Ila nimekulia karibu na soko, na sokoni nimeona watu wanaoamka saa tisa usiku maisha yao yote na mtaji wao haujawahi kuvuka laki mbili. Nimeona pia wakopeshaji wanaoamka saa kumi na moja, wanaomba dua, wanafanya mazoezi, na kufikia saa tatu wako mlangoni kwa mjane wakimwambia ahame.

Kwa hiyo alfajiri haituambii kitu. Nilitaka kujua mtu anafikiri nini mchana kutwa pesa zinapopita mikononi mwake.

Shangazi si tajiri wa magazetini. Ana kibanda chenye laini mbili, MTN MoMo na Airtel Money, ana leseni ya kukopesha, na ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Amesomesha watoto wake na wa dada yake. Amejenga. Na tangu pesa za simu zianze nchini mwaka 2009 ameona mawakala wengi sana wakifungua na kufunga kandokando yake. Kwangu mimi huko ni kufanikiwa, na nawaandikia vijana wale nikiwa na yeye akilini.

Jumla isiyobadilika

Aliyewahi kukaa kwa wakala anajua mambo yanavyokwenda, lakini naomba tuyatazame polepole kidogo.

Wakala ana pesa za namna mbili: taslimu kwenye droo na floti kwenye simu. Mteja akiweka shilingi 50,000, taslimu inapanda na floti inashuka kwa kiasi hichohicho. Akitoa, inakuwa kinyume. Ukifungua asubuhi ukiwa na milioni 4 kwa jumla, jioni utafunga na milioni 4, hata kama umehudumia watu mia. Unachochuma ni kamisheni, na kamisheni haikai kwenye droo.

Mtego uko hapo. Macho yanaona mamilioni mchana kutwa. Cha kwako katika kila muamala ni shilingi mia kadhaa.

Nilimwuliza shangazi: katika zile noti za droo, zako ni ngapi? Akanichambulia. Sehemu ni mkopo aliouchukua ili kukuza floti. Sehemu ni yake kabisa, ameiweka yeye. “Lakini hata iliyo yangu, mwanangu, ikishaingia humu si yangu tena. Ni ya yule atakayekuja kesho asubuhi kutoa karo. Akikuta sina, harudi. Na akiondoka, anawaambia wenzake.”

Kila jioni, kabla hajateremsha mlango, anahesabu. Nimekaa naye akifanya hivyo mara nyingi. Analowesha kidole gumba kwenye kipande cha sponji, anahesabu kwa thamani ya noti, kubwa kwanza, na kila ya elfu hamsini anaipapasa na kuiinua kwenye taa. Sarafu anazipanga kumi kumi pembeni ya meza. Anaangalia salio la laini ya njano, salio la laini nyekundu, anaandika yote kwenye kaunta buku yenye jalada jeusi, kisha anahesabu tena tangu mwanzo kana kwamba hakuwahi kuhesabu. Hesabu mbili zikikubaliana, ndipo anavaa kandambili zake aondoke.

Siku moja zilipungua elfu mbili. Elfu mbili! Pesa ya soda na mandazi. Nikataka kuzitoa mfukoni mwangu twende nyumbani, maana mvua ilikuwa inakuja. Akakataa. Akawasha simu, akaanza kurudi nyuma ujumbe mmoja baada ya mwingine, kidole chake kikifuata majina kwenye daftari.

“Sitafuti elfu mbili,” akasema. “Natafuta mlango zilikotokea.”

Alizipata. Mteja mmoja alikuwa ametoa elfu kumi na nane, akapewa ishirini. Tukalowa njiani, lakini yeye alilala akijua.

Desemba 2015

Miaka hiyo, pamoja na pesa za simu, shangazi aliuza vitenge pia. Wateja wake walitoka Ariwara ng’ambo ya Congo na wengine walishuka kutoka Juba, na kila mmoja alikuja na pesa ya kwao. Alizipokea zote. Jioni alizibadilisha zote kuwa shilingi, hata siku ambazo bei ilikuwa mbaya, hata wenzake walipomcheka kwamba anatupa faida.

“Pesa ya kigeni hailali kwangu.” Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake.

Wakati huo wapo waliokuwa na pauni za Sudan Kusini, magunia yake, wakingoja bei irudi. Mtaani pauni ilikuwa imeshaporomoka miezi mingi, lakini bei rasmi ilikuwa bado chini ya pauni 3 kwa dola moja, na hiyo iliwapa watu moyo kwamba mambo yatanyooka. Desemba 2015 serikali ya Juba ikaiachia pauni ielee, yaani soko liamue bei, na kwa siku moja bei rasmi ikawa zaidi ya 18 kwa dola. Julai iliyofuata vita vikarudi Juba, na Agosti kambi ya Bidi Bidi ikafunguliwa kule Yumbe kupokea watu waliokimbia. Nani tena angezungumzia pauni kurudi?

Wanaosimulia habari za wafanyabiashara wa fedha hupenda kuwasifu kwa kuona mbali. Shangazi hakuona kitu. Hakusoma taarifa yoyote ya uchumi, na hakuwa na mtu Juba wa kumnong’oneza. Alikuwa na desturi ya jioni, basi. Aliifanya siku zisizo na hatari ili siku ya hatari imkute tayari ameifanya.

Hili ndilo nililoona linakosekana kwenye orodha za simu. Zinamsifu mtu kwa kuthubutu. Wale waliobaki na magunia ya pauni walithubutu kuliko wote.

Vivyo hivyo Februari 2016. Siku ya uchaguzi mamlaka ya mawasiliano iliamuru mitandao ya kijamii na pesa za simu zizimwe. Mawakala walioweka mtaji wote kwenye floti walibaki wakitazama tarakimu zisizonunua hata chumvi. Yeye huwa hakubali upande mmoja upite theluthi mbili, na taslimu yake ilikuwepo.

Nilichotaka kumwuliza

Lakini yote hayo hayakujibu swali la mtoto aliyelazwa.

Mtu anaweza kuwa na nidhamu kiasi kwamba jirani yake afe mlangoni pake. Nimewaona watu wa namna hiyo, na sikutaka shangazi awe mmoja wao, wala sikutaka kwenda kuwafundisha vijana ugumu wa moyo nikiuita tabia njema ya biashara. Droo imejaa. Mtoto anaumwa. Elfu hamsini tu?

Niliporudi Arua nikamwuliza waziwazi. Kwetu mtoto hamhoji shangazi yake kuhusu pesa, hivyo nilizunguka kwanza, nikauliza hali ya mtoto (alipona, anasoma), nikauliza hali ya shemeji, ndipo nikafika.

Hakukasirika. Akaigeuza kaunta buku, akafungua kurasa za nyuma. Juu ya ukurasa ameandika kwa herufi kubwa: WATU.

Kila mwezi kamisheni ikiingia anatenga kiasi cha ndugu: misiba, hospitali, karo, harusi. Akishakitenga anakiandika kama kimekwenda, hata kabla hakijaombwa. Hakitarudi na hakidaiwi. Mwezi ule kilichobaki kwenye ukurasa wa WATU kilikuwa shilingi 50,000. Alimpa shemeji yote.

Akaniambia pia nisichokiona. Shemeji alipoondoka, na mimi nilipokwenda zangu, alimpigia simu mwenyekiti wa kikundi. Vikundi hivi havihitaji maelezo kwa mtu wa West Nile, eneo letu la Arua: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na pembeni ya akiba kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya shida kama hizi. Wenye funguo wakaitana usiku uleule. Mke wa shemeji ni mwanachama. Pesa iliyopungua ikatoka kwenye mfuko, ikaandikwa, watatu wakishuhudia.

“Ningempa kutoka kwenye droo,” akasema, “kesho ungekuja wewe. Kesho kutwa mdogo wangu. Wote mna shida za kweli, hakuna mwongo. Ndani ya miezi mitatu kibanda kimekufa, na ukurasa huu wa WATU umekufa nacho.”

Nikamwuliza: na kama mfuko wa jamii ungekuwa mtupu?

Alikaa kimya muda mrefu. “Ningeuza kitu changu. Nina cherehani.”

Asingeifungua droo. Aliniambia hivyo bila kuyumba, na mpaka leo sijaamua kama ningeweza kuwa yeye. Nadhani nisingeweza. Lakini naelewa sasa kwamba ule msimamo una kazi kubwa nyuma yake: mtu hawezi kusema hapana kwenye droo kama hakukaa mapema na kupanga pa kusemea ndiyo.

Mabilioni nayo yana wenyewe

Mtaniambia hayo ni ya vibanda, na kwamba wakubwa wana sheria nyingine. Tazameni benki zetu.

International Credit Bank ilifungwa 1998. Greenland na Cooperative zikafuata 1999. Kwa ICB na Greenland, sehemu kubwa ya mikopo mibovu ilikuwa imekwenda kwa watu wa ndani na wa karibu na wenye benki. Yaani droo ilifunguliwa kwa shemeji. Waliokuwa wakiziendesha walikuwa watu wa kusifiwa, wachapakazi, wenye ndoto kubwa za kuwainua wafanyabiashara wazawa, na ndoto hizo naziheshimu mpaka leo. Ila aliyeuza kahawa yake akaweka pesa pale hakuwa ameombwa kuchangia ndoto ya mtu. Sheria ya taasisi za fedha ya 2004 ilikuja kubana mikopo ya watu wa ndani na kuzuia mtu mmoja kumiliki zaidi ya 49% ya benki. Sheria iliandika kile ambacho shangazi anakifanya kwa kuisukuma droo kwa kiganja.

Crane Bank pia itatajwa, najua. Ilianza 1995, ikakua mpaka kuwa kati ya benki kubwa nchini, Oktoba 2016 Benki Kuu ikaichukua ikisema mtaji wake umepungua mno, na Januari 2017 mali na madeni yake yakahamishiwa benki ya dfcu. Kesi zake zilikwenda miaka mingi na sizifungui hapa.

Napenda zaidi kuitazama benki ya Centenary. Ilianza 1983 kama mfuko wa maendeleo ya vijijini chini ya Kanisa Katoliki, ikawa benki kamili ya biashara 1993, na ikakua kwa kuwahudumia wakulima na wachuuzi ambao benki nyingine ziliwaona wadogo mno. Afisa mikopo anayekwenda kumwona mteja sokoni si habari ya kusisimua. Hakuna anayeitengenezea video.

Tarehe ya kulipa

Sasa upande wa mikopo, ambao ndio unaonisumbua kuliko yote.

Wakopeshaji wawili wanaweza kuwa na tabia zilezile kuanzia alfajiri hadi usiku. Wote wanaandika, wanahesabu, hawanywi pombe. Tofauti yao inaonekana tarehe ya kulipa inapokaribia. Mmoja anaomba ulipe. Mwingine anaomba ushindwe, kwa sababu hati ya kibanja chako, kipande chako cha ardhi, iko kwenye kabati lake, na kibanja kina thamani mara kumi ya mkopo. Huyu wa pili naye anaitwa tajiri, anakaribishwa kwenye harambee, vijana wanamwuliza siri yake.

Sheria ya 2016 ilileta mamlaka ya kuwasimamia, na leseni ya mkopeshaji inakwisha kila tarehe 31 Desemba hata kama uliipata Novemba. Wamekatazwa kushikilia kitambulisho cha taifa au kadi ya benki ya mtu kama dhamana. Bado tunajua kinachoendelea.

Shangazi hachukui hati ya ardhi. Swali lake la kwanza kwa mkopaji ni “utalipa kutoka wapi?” Akijibiwa “nauza nyanya,” anakwenda sokoni saa sita mchana, asubuhi ya mauzo ikiwa imeshapita, anatazama kimya kimya nyanya ngapi zimebaki kwenye meza. Anakwenda siku nyingine tena. Zikibaki nyingi, anamwambia mama yule kwamba mkopo utamwumiza, na anamweleza kwa nini, wakikaa pamoja kwenye kiroba. Wengine humchukia kwa hilo.

“Kiwanja cha mtu ni cha mtu,” aliniambia. “Nikikitamani, nitaanza kumpa mkopo asiouweza.”

Hapo ndipo nilipoona kwamba yale ya droo na haya ya mikopo ni jambo moja kwake. Kilicho mkononi mwake hakimdanganyi kuwa ni chake. Noti za mteja, funguo ya kikundi, kibanja cha mkopaji. Naamini hiki ndicho nitakachowaambia vijana, na kuamka waamke watakapo.

Tunapobishana

Kuna jambo moja hatukubaliani. Mwaka 2024 serikali iliweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji: 2.8% kwa mwezi. Mimi nilifurahi. Kwa mkopo wa shilingi 500,000, hiyo ni 14,000 kwa mwezi. Riba ya 10% ingekuwa 50,000, na sijui muuza nyanya wa kuibeba hiyo miezi sita mfululizo bila kupunguza chakula cha watoto.

Shangazi anasema 14,000 inaishia kwenye boda ya kumfuata mkopaji. Amepunguza wakopaji, amebaki na wale anaowafahamu kwa miaka, na wapya anawarudisha. “Yule mama niliyemrudisha jana,” akaniuliza, “unadhani amelala bila kukopa? Kakopa kwa asiye na leseni.”

Hoja yake ina uzito, na bado naona amekosea, kwa sababu gharama ya boda haiwezi kuwa sababu ya kumtoza mtu maskini mara tatu. Nimemwambia hivyo, kwa heshima. Tumekubaliana kwamba nikienda Arua mwisho wa mwezi tutakaa na kaunta buku ya mwaka mzima, tuandike safari zote, ada ya leseni, madeni yaliyokufa na riba iliyoingia. Hesabu ikionyesha 2.8% inamtosha, amesema ataanza tena kuwapokea wapya. Isipotosha, nitaweka tarakimu hapa, kwa ruhusa yake, mzione wenyewe.